Kopo la Aiskrimu Lisilo na Aiskrimu

Jamani, mimi leo sionekani mtaani. Nimeaibika mara mbili kabla ya saa nane mchana, na ya pili nimeifuata mwenyewe kwa gari. Nawaambia mapema kabla Mama Furaha hajaisambaza kwenye group la akina mama wa hapa Penrith, huku ughaibuni, maana yule akianza hamalizi.

Mnajua ugonjwa wangu wa bunduki. (Kwa wasiojua: nina leseni, nina klabu, nina sefu gereji, na nina bunduki moja ya kizamani yenye mdomo mpana mpaka kidole gumba kinaingia. Wenzangu wananunua boti. Niacheni.) Risasi zake hata zamani zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na tangu korona ndiyo kabisa. Kwa hiyo nazijaza mwenyewe. Unachukua ganda la shaba, unatia baruti, na mbele yake unaweka kimoja kati ya viwili: gololi moja kubwa ya madini ya risasi, au marisau, yaani vile vipunje vidogo vyeusi vinavyotawanyika ukipiga.

Marisau yangu nayahifadhi kwenye kopo la aiskrimu.

Sasa kabla hamjanicheka, tuambizane ukweli. Nani kati yenu nyumbani kwake ana kopo la aiskrimu lenye aiskrimu? Kwangu yapo kumi na moja, yote ya vanila, na ndani yake kuna kila kitu duniani isipokuwa vanila. Maharage. Nyuzi na sindano. Mdalasini. Betri. Na moja lina pilipili manga ya mama mkwe wangu, ya Muheza, aliyoianika kwa mkono wake na kuituma kwa msafiri wa mwisho kabla mipaka haijafungwa. Ile haiguswi. Siku za kawaida mke wangu Rehema anapikia ya dukani. Ya mama yake ni ya wageni.

Na ndoa yetu ina sheria moja tu kuhusu bunduki: mambo yake yaishie gereji. Rehema aliniambia kwa utulivu kabisa, "Baba Salma, siku uchafu wako ukiingia jikoni kwangu, hiyo bunduki inahama." Nikakubali.

Jumanne klabu ikafanya darasa la kujaza risasi kwa Zoom. Wifi yangu haifiki gereji. (Mnaona inakokwenda.) Rehema alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee anakohudumu, nikajiambia, saa moja tu, nani atajua? Nikahamia meza ya jikoni na vyombo vyangu vyote.

Mwalimu alikuwa Barry, mzee wa kizungu, dereva wa basi mstaafu, mtu mpole lakini mkali wa utaratibu. Kila baada ya dakika tano anarudia: "Pimeni kila risasi kwenye mizani. Kila moja!" Mizani ninayo. Betri zake zimekwisha. Betri mpya ziko kwenye kopo la aiskrimu. Lipi? Ndiyo hapo. Nikapima kwa kijiko, macho kwenye skrini, natikisa kichwa kama mwanafunzi bora. Katikati ya darasa Rehema akarudi. Nikamsikia nyuma yangu anasema kitu, kitu kuhusu kopo. Sikugeuka. Nikasema, "Sawa, mke wangu."

Hilo "sawa" ndilo limeniua.

Leo ndiyo siku ya kwanza klabu kufunguliwa tangu lockdown. Na leo hiyohiyo ndiyo siku ya kwanza tunaruhusiwa wageni nyumbani, Rehema amewaalika Mzee Hamadi na mkewe Bi Mwanahawa kutoka Auburn, pamoja na jirani yetu Mama Furaha, Mkongo. Pilau ya mbuzi. Nikaapa nitarudi saa saba kamili.

Nikafika kiwanjani, pale klabu tunapolenga shabaha. Barakoa usoni, mita moja na nusu kati ya mtu na mtu, dawa ya mikono kila kona. Nikaanza na gololi. Pu! Katikati. Pu! Katikati tena. Barry akaninyooshea dole gumba. Wazee wengine wawili na mama mmoja mwenye kofia nyekundu wakasogea kutazama, kwa umbali unaoruhusiwa. Kichwa kikavimba. Nikasema, "Sasa nawaonyesha marisau."

Nikapiga.

Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu amefunga mlango kwa hasira. Moshi ukatoka, upepo ukaugeuza, ukaturudia wote. Shabaha safi. Karatasi haina hata tundu la sindano.

Halafu Barry akapiga chafya.

Akapiga ya pili. Yule mama wa kofia nyekundu naye akapiga. Mzee mmoja akaanza kukohoa, mwenzake akaruka nyuma, "Mate, kaa mbali na mimi!" (mate ndiyo "rafiki" ya wazungu wa huku), naye papo hapo akapiga chafya tatu mfululizo. Jamani! Chafya! Mwaka huu! Watu waliokaa ndani miezi wakiogopa chafya! Mama wa kofia akakimbilia gari lake, akajifungia, akapandisha vioo, akawa anatunyooshea kidole mmoja mmoja akitafuta ni nani kauleta ugonjwa. Barry analia machozi, anapuliza filimbi kusimamisha ufyatuaji, filimbi haitoki, inatoka chafya.

Mimi nimesimama pale na bunduki imeelekea chini, nanusa. Ile harufu naijua. Si ya baruti ile. Ile ni ya Idi, ni ya nyumbani kwa wakwe.

Barry akachukua risasi yangu nyingine, akaipima mkononi, akanitazama. Akaifungua kwa zana yake taratibu, akamimina mezani. Zikadondoka punje nyeusi, nyepesi, zenye mikunjo. Akaweka moja kwenye kiganja, akaninyooshea.

"Mate. Hii ni pepper?"

"Ndiyo, Barry."

"Umeijaza bunduki pepper?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikaanza kucheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiye na la kufanya. Kikanikatikia njiani. Kwa sababu kama pilipili iko hapa, marisau yako wapi?

Mtume! Pilau!

Nikampigia Rehema simu. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Nikaandika: USIWEKE PILIPILI MANGA KWENYE PILAU. Jibu likaja haraka: "Nishaweka zamani. Wageni wamefika, njoo." Nikaandika: MSILE!!! Tiki mbili za kijivu. Hazigeuki bluu.

Na kiwanjani huwezi kukimbia hivi hivi. Bunduki ikaguliwe. Ifungwe. Isainiwe. Barry anasaini kwa mkono mmoja, mwingine umeshika pua. Mimi namwona Mzee Hamadi, miaka sabini na kitu, anatafuna risasi. Namwona mke wangu. Namwona binti yangu Salma. Wallahi machozi yalinitoka, na safari hii haikuwa pilipili.

Nusu saa ya barabara. Taa zote nyekundu. Zote!

Nikaegesha juu ya majani, nikapita uani mbio. Wamekaa nje kwenye mkeka, sinia katikati, Mzee Hamadi ameshainua tonge la pili.

"MSILE! WEKA CHINI, MZEE! WEKA CHINI!"

Nikampokonya tonge mkononi. (Mkononi mwa mzee wa watu. Tonge.) Nikabeba sinia nikalimwaga kwenye pipa la taka. Nikaingia jikoni, nikatoka na sufuria, nikaimwaga nayo, nyama zote, na ukoko. Nikahema.



Mama Furaha ndiye wa kwanza kusema. "Papa Salma, iko nini? Chakula iko na sumu?"

"Kuna marisau! Vipunje vya bunduki! Nilichanganya makopo, zile pilipili alizoweka Rehema si pilipili!"

Bi Mwanahawa akajishika koo. Mzee Hamadi akatema kitu pembeni, ilikuwa iliki tu. Rehema hakusogea. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa.

"Baba Salma," akasema. "Kopo lako liko juu ya friji. Tangu Jumanne."

"Juu ya... nini?"

"Nililiinua likataka kuning'oa bega. Pilipili gani nzito hivyo? Nikakusamehe uchafu wa siku moja, nikakuambia pale pale, hili si langu, nakuwekea juu ya friji. Ukasema, 'Sawa, mke wangu.'"

"Sasa kwenye pilau umeweka nini?"

"Ya dukani. Nimetafuta ya mama asubuhi nzima sikuiona."

Nikageuka kulitazama pipa. Pilau inafuka moshi mle ndani, kilo tatu za mbuzi, safi, salama, halali.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Kumbe Rehema bado anafikiri. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika pole pole.

"Kama kopo lako liko juu ya friji," akasema, "langu liko wapi?"

Nikatazama mkeka. Nikasema kwa sauti ndogo, "Nilikwenda nalo kwenye shabaha."

"Umelipeleka kufanya nini?"

"Nimeipiga."

"Umepiga nini?"

"Pilipili."

"Pilipili ya mama umeipiga bunduki?"

Na hapo, jamani, kutoka kwenye simu iliyosimamishwa kwenye jagi la maji, ile simu iliyokuwa inatumika muda wote, ikatoka sauti ya mama mkwe, kutoka Muheza, alfajiri kwao, kitenge kichwani, amekaa kuwasalimia wageni wa binti yake. Ameona kila kitu. Tonge, sinia, ukoko.

"Mkwe wangu," akasema, taratibu kabisa. "Kwani huko bunduki nazo zinatiwa viungo?"

Mzee Hamadi, ambaye nimempokonya tonge, ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata mkewe. Mama Furaha akajilaza kwenye majani. Salma akasema "Oh my God, Dad," akaingia ndani.

Rehema hajacheka. Ameagiza kuku wa dukani kwa wageni, akanitolea hukumu mbele yao: bunduki inakwenda kulala kwenye sefu ya klabu mpaka pilipili nyingine ya mama ifike. Nikauliza itafika lini. Akasema mipaka ikifunguliwa. Na mipaka inafunguliwa lini? Hata waziri hajui.

Sasa niko gereji nakula mkate mkavu. Sefu iko wazi, tupu; bunduki nimeshairudisha klabu. Barry ametuma ujumbe, pua imetulia, na anauliza hiyo pepper inapatikana wapi, maana hajawahi kunusa kitu kitamu namna ile. Naombeni mcheke kwa sauti ya chini. Rehema yuko upande wa pili wa mlango, na nimelishika kopo la aiskrimu alilonipitishia sasa hivi. Sijui lina nini, na silifungui.