Pikipiki Hufuata Macho

Jumapili, 4 Mei 2025

Nimesema uwongo. Mdogo tu. Tena mbele ya watu, kwa hiyo hata siri si siri.

Ilikuwa hivi. Kaka yangu Jabir alituita kwake, hapa hapa Annandale, tupange harusi ya binti yake Nahla. Nahla kazaliwa huku huku Marekani. Kiswahili anakisikia, kukijibu ndiyo shida. Ana pikipiki kubwa nyeusi. Akatangaza kuwa gari la maua hapandi. Atakwenda ukumbini Bladensburg kwa pikipiki yake, na anataka mwanamke mmoja wa familia amtangulie, naye kwa pikipiki. Mahali pa mama yake. Mama yake, wifi yangu Salha, alitutoka mwaka juzi.

Hapo Zuwena akajitia. Zuwena ni mdogo wake Salha, mama mdogo wa bi harusi, mtu wa Unguja, na kila kitu duniani yeye ameshakifanya kabla yako. Akasema ujana wake wote ulipita juu ya Vespa. Eti Darajani walikuwa wakimjua kwa mlio!

Ningefanyaje? Shangazi ni mimi, Tasnim! Nikasema mimi Tanga nilikuwa naendesha pikipiki hadi Pangani na kurudi, kila wiki, mkono mmoja.

Jabir akapaliwa na chai. Anajua kuwa baiskeli yenyewe ilinishinda.

Nahla akafurahi mno. Atatuangalia sote wawili Jumamosi ya tarehe 17, halafu atachagua.

Pikipiki nimepanda mara moja maishani. Nyuma. Nimefumba macho.

Jumatatu, 5 Mei

Mpango wa kwanza: nifanane na waendeshaji. Nimepata jaketi la ngozi kwenye duka la mitumba. Jeusi. Mgongoni lina tai kafungua mabawa. Aliyelivaa kabla yangu alikuwa pande la mtu, maana mikono inanifunika vidole.

Nimelivaa hadi kazini, kwenye nyumba ya wazee. Mzee mmoja aliyekuwa askari akanipigia saluti. Dalili njema!

Jioni mazoezi. Nimekalia mkono wa kochi, sahani mbili ndiyo usukani, video kwenye simu. Mkono wa kulia mafuta, wa kushoto klachi, mguu wa kushoto gia. Nimekwenda mbali sana. Nilipopiga breki nikavunja sahani zote mbili.

Jumatano, 7 Mei

Jirani yangu wa chini, Solomon, ni Mkongo. Anawapelekea watu chakula kwa kipikipiki chekundu. Nikamwomba nikijaribu nyuma ya jengo. Akasema, "Maman, moto yangu haiko ya kuchezea." Nikamwambia moto wake siutaki, jiko ninalo. Akashika kichwa. Tulizungushana hivyo mpaka nikaelewa kuwa kwao pikipiki ndiyo moto. Nikampelekea bakuli la biriani. Akalegea.

Kipikipiki hakina klachi, hakina gia. Kazi ya mtoto! Nikakaza mkono. Kikaruka. Mimi nikabaki hewani kidogo, kisha chini. Chenyewe kikaendelea peke yake, kwa adabu kabisa, hadi kwenye pipa kubwa la taka, kikaegemea hapo.

Solomon hakugomba. Alikipangusa, akanitazama kwa huruma. "Maman Tasnim, weye umefanya hii kazi kwenu kweli?" Nikasema barabara za kwetu ni tofauti. Akanirudishia bakuli. Biriani alikuwa ameshaimaliza.

Ijumaa, 9 Mei

Nimejiandikisha darasa la wanawake wanaoanza, kesho na keshokutwa, kwenye kiwanja cha kuegesha magari upande wa Maryland, mbali na macho ya watu wetu. Kazini nimesema naumwa. Kwa Jabir nimesema niko kazini. Zuwena sijamwambia kitu. Adui hafichwi kwa maneno mengi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefika na helmeti kichwani tangu kwenye basi. Miwani myeusi ndani yake. Mtoto mmoja alilia.

Mwalimu ni Mkenya, jina lake Bridget, mwembamba kama mwiko, sauti ya muadhini. Wanafunzi wote ni wanawake. Wengine wauguzi, mmoja bibi mwenye wajukuu. Na pembeni kabisa, mwanamke mnene ameshavaa helmeti kama mimi, kioo kimeshushwa, hasemi na mtu.

Nikapita karibu yake. Harufu ya udi! Udi wa Unguja, saa mbili asubuhi, kwenye lami ya Maryland! Nikasimama. Naye akasimama. Akainua kioo taratibu.

Zuwena.

Tulitazamana kama paka wawili kwenye ukuta mmoja. Akaniuliza nimefuata nini. Nikasema nimekuja kumwangalia mwalimu kama anafundisha sawasawa. Akasema naye vivyo hivyo. Basi, tukapatana: hakuna aliyemwona mwenzake. Tukapeana mkono juu ya hilo, glavu kwa glavu.

Bridget akatuweka kwenye pikipiki ndogo ndogo. Somo la kwanza: kuisukuma ikiwa imezimwa. Nikadhani dharau. Halafu nikaisukuma. Nzito kuliko ng'ombe!

Mchana tukawasha. Ngurumo ile ilinipanda kuanzia miguuni hadi kwenye meno. Nikaachia klachi, ikazima. Nikaachia, ikazima. Bridget akanijia. "Wewe mama wa tai, pole pole. Klachi si mlango wa choo, huachilii tu." Halafu akasema kitu ambacho kila mtu alikirudia siku nzima: "Usiangalie chini. Ukiangalia chini utaenda chini. Pikipiki hufuata macho."

Mara ya mwisho ikaenda. Yaani ilikwenda, na mimi juu yake! Kiwanja kizima, mwendo wa mtu anayetembea, upepo ndani ya mikono ya jaketi. Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila yule bibi mwenye wajukuu aliitikia "Amina."

Zuwena naye alikwenda. Haraka kuliko mimi. Hilo halivumiliki.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya mtihani. Mpango wa pili: kumzidi Zuwena kwa akili.

Asubuhi nilimnong'oneza kuwa Bridget anawapendelea wanaopiga honi kila wanapopita koni, zile za plastiki tunazozizunguka, eti ndiyo adabu ya barabara ya hapa. Akanishukuru! Akaniita wifi yangu mpenzi!

Zamu yake ikafika. Koni ya kwanza, pii. Ya pili, pii. Akapinda vizuri kabisa, pii, pii, pii, kama gari la kuuza mikate. Darasa zima hoi kwa kicheko. Bridget anajifuta machozi.

Mimi nilikuwa nimeshaitwa, nimeshaondoka mstarini na pikipiki yangu. Nikageuka kidogo tu nifaidi.

Pikipiki hufuata macho. Ikamfuata Zuwena! Nikazipiga koni, nikaacha lami, nikaingia kwenye majani tulipokuwa tumeweka mikoba na vyakula. Pikipiki ikalala ubavu. Mimi nikakalia chapati za watu.

Bridget akaja mbio, akanishika mabega, akaniuliza wapi panauma. Sikuumia popote ila jina. Akasema nimeanguka mtihani lakini sijaanguka maisha, nirudi tena mwezi ujao. Mwezi ujao! Zuwena alifaulu, na honi zake zote.

Akanijia. Nikajiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akanionyesha namna ya kuinua pikipiki kama tulivyofundishwa, makalio kwenye kiti, unasukuma kwa miguu. Tukaiinua pamoja. Kisha akaketi kwenye majani karibu yangu, akavua helmeti.

"Wifi," akasema, "mimi Vespa sijapata kuipanda hata siku moja. Ile ya Darajani ilikuwa ya jirani yetu. Mlio ndio nilioujua."

Nikamwambia Pangani nilikwenda kwa basi.

Akang'oa majani kidogo. Akasema Salha alipokuwa hospitali, siku zile za mwisho, alimwomba neno moja: Nahla akiolewa, usimwache aende peke yake. "Sasa mtoto kachagua pikipiki. N'fanyeje? N'kae nyuma kwenye gari nimwangalie mgongo?"

Nikampa nusu ya chapati niliyoikalia. Akaila.

Njiani nilimwonea huruma hadi karibu ya nyumbani. Kisha nikaanza kupanga tena.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya Nahla kutuangalia. Mpango wa tatu: bendeji! Nimejifunga mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi kiwiko. Nikasema nimeteguka kazini nikimwinua mzee. Kwa hiyo: sikushindwa, nimezuiliwa. Zuwena akienda vibaya, nafasi ni yangu kwa heshima.

Tulikutana kwenye uwanja mtupu nyuma ya maduka. Nahla alinipa pole, akanikalisha kwenye kiti cha kukunja, akanipa chai. Zuwena akapanda pikipiki ndogo ya kukodi. Akaachia klachi, ikazima. Tena, ikazima. Akaangalia chini.

Sijui nini kilinipata. Nikasimama, nikapiga kelele: "Macho mbele wewe Zuwena! Macho mbele! Klachi si mlango wa choo!"

Akainua kichwa. Akaenda! Akazunguka uwanja wote, akarudi, akasimama palepale, mguu chini kama fundi. Nikapiga makofi. Nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Mikono yote miwili. Bendeji ikafunguka, ikaning'inia kama mkia.

Nahla alikuwa ananitazama mimi. Akanyanyua ile ncha ya bendeji kwa vidole viwili. Akasema kwa Kiingereza chake cha mbio kwamba Bridget ndiye aliyemfundisha yeye mwenyewe, na kwamba habari zetu anazo tangu Jumapili iliyopita, pamoja na chapati.

Ardhi haikupasuka. Huwa haipasuki unapoihitaji.

Nikaanza kueleza. Akanikatiza, na mara hii alisema kwa Kiswahili, anatafuta neno moja moja kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. "Shangazi. Mimi sitaki mtu anajua pikipiki. Mimi nataka nyinyi."

Akatukumbatia sote wawili kwa pamoja. Zuwena alinuka udi. Mimi nilinuka jaketi la mtu mwingine.

Jumamosi, 24 Mei

Harusi! Bridget amekuja na pikipiki yake yenye kigari cha pembeni. Yeye anaendesha, mimi ndani ya kigari, Zuwena ubavuni kwetu juu ya ile ndogo ya kukodi, Nahla nyuma yetu, shela limechomekwa ndani ya jaketi jeupe. Tukapita barabara za ndani ndani, polepole. Watu wakitoka madukani kutupiga picha.

Lakini picha zote walimpiga Zuwena! Kakaa wima kama sanamu. Mimi ndani ya kigari naonekana kichwa tu, kama mzigo.

Mpango wa nne ulinijia hapo hapo, yaani nilikuwa nimekuja nao tayari. Chini ya miguu nilikuwa na chetezo, mkaa, na udi niliouchukua kwenye mkoba wa Zuwena wakati anavaa. Nikawasha. Bi harusi hufukizwa, sivyo? Upepo ukapuliza mkaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Moshi! Moshi mzito mweupe, ukatufunika, ukampata Zuwena, ukampata Nahla. Bridget akauliza kwa ukali nini kinaungua. Nikasema mila.

Hatujafika Bladensburg, taa za polisi nyuma yetu. Tukasimama pembeni. Askari mwanamke akaja mbio na kizimamoto mkononi, akaniuliza kama niko salama. Kiingereza chote kikanitoka. Nikamwonyesha Nahla kwa kidole, nikasema harusi, harusi. Bridget akawa anaeleza. Simu ya Jabir inaita bila kukoma. Ukumbini sheikh amekaa, bwana harusi Nabil kashaanza kuuliza kama amekimbiwa.

Nahla akashuka, akavua helmeti, akanijia. Nikajua leo ndiyo leo. Akafungua mdomo anigombeze. Akanusa.

"Hii mama," akasema.

Zuwena aliuchemsha udi ule mwenyewe, kwa mkono aliofundishwa na dada yake, na viungo vyake vyote. Mimi sikulijua hilo. Nilijua tu kuwa ni udi mzuri. Nahla akapiga magoti kando ya kigari, shela kwenye vumbi, akaweka uso kwenye moshi. Zuwena akaja akamshika kichwa. Mimi nikawashika wote. Tulilia pale kando ya barabara, magari yanapita, askari kasimama na kizimamoto chake hajui akielekeze wapi.

Alitungoja. Kisha akaomba kwa upole moto uzimwe. Zuwena akaumwagia maji ya chupa. Hakuniuliza udi nimeupata wapi. Alinifinya tu. Sana.

Tulichelewa. Nabil alipomwona Nahla, wanja umemtiririka hadi kidevuni, alicheka kwa raha iliyowaambukiza watu wote. Wameoana.

Picha za msafara nimeshaziona. Mbele kabisa, mahali pangu, hakuna mtu. Ni wingu.

Jumanne, 27 Mei

Nimekaa nikayatafakari yote. Nimebadilika. Uwongo haufai, majivuno hayafai. Nimemwambia Zuwena hivyo kwa simu, naye akasema kabisa, wifi, tuwe watu wazima.

Mchana ndugu zake Nabil wamepiga simu. Wanataka familia mbili zikutane Jumamosi hii mtoni, akina mama washindane kupiga kasia, kila mmoja na kitumbwi chake. Wakauliza upande wetu nani anajua maji.

Sikusema uwongo. Nilisema tu kwamba sipendi kujisifu.

Nimejaza maji hodhi la kuogea hadi juu. Nimevaa nguo zote, na viatu. Mwiko wa pilau ninao mkononi, ndiyo kasia. Kwanza nitatia uso majini, nizoee.