Kete Iliyokataa Kula

Wadau, leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya baba mkwe mtarajiwa!

Yule mzee wa Magu hataki hata kusikia neno drafti. Alishasema binti yake Flora hamwozeshi kwa kijana wa kushinda kijiweni. Basi mimi nikaapa nimeacha (nimeacha wapi! Jana tu nimecheza mpaka giza likaingia), siku hizi nacheza sataranji, mchezo wa watu wenye akili. Nikamwalika kwenye mashindano hapa mjini aje ajionee mkwe. Akaja na koti lake la kanisani. Flora akakaa pembeni yake, tabasamu mpaka masikioni.

Nikapangiwa mama mmoja wa Sengerema, mpole, kitenge safi. Moyoni nikasema, huyu mlaini. (Dharau itaniua mimi.)

Nikafungua na gambiti, nimejifunza kwenye simu. Unamtolea mwenzio askari bure, kile kikete kidogo cha mbele. Akimla tu, unamshukia. Nikamgeukia mzee, nikamkonyeza. Jamani, nimemkonyeza mkwe!

Mama akamtazama askari wangu. Hakumla. Akasogeza farasi wake.

Sasa kijiweni kwetu Kiseke, kula ni lazima. Kete yako ikikataa kula, inatolewa. Mkono wangu haukuniuliza. Nikamnyakua askari wa mama aliyekuwa amle wangu, nikambamiza pembeni, paa! Nikapaza sauti: "Umekataa kula, mama! Huyu anatoka!"

Ukumbi mzima ukageuka kututazama.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "nirudishie kete yangu."

Mwamuzi akaja mbio. "Kaka, unafanya nini?"

"Si amekataa kula!" Nilijibu kwa kujiamini kabisa. Yaani bado sijashtuka!

"Hiyo ni sheria ya drafti, kaka."

Watu wakaangua kicheko. Flora akajifunika uso na mtandio. Mzee akainuka, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, baba!" (Nilishamwamkia asubuhi.)

"Marahaba. Drafti uliacha lini?"

"Zamani sana, baba."

"Basi huo mkono hujauambia."

Akaondoka na binti yake.

Asicheke mtu, nawaomba. Na nyie wa kijiweni, pangeni kete, nakuja. Ukweni sina tena pa kwenda.