Kesi ya Maharage Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu katema maharage sasa hivi, kisha kajifuta mdomo kwa gauni langu. Meno yanamsumbua, roho ya mama. Si maharage.

Naandika hapa hapa jikoni, kantini ya chuo, sufuria ikiwa motoni. Leo nimetukanwa! Mwanafunzi wa sheria, tunamwita Domo, kapanda juu ya meza akatangaza kwamba maharage yangu yananuka moshi kama sare ya zimamoto, na anayeyala amekiri kosa. Ukumbi mzima kicheko. Shangazi Mwiko wa dirisha la wali kacheka hadi kashika nguzo. Na mwisho wa mwezi meneja anabakiza mpishi mmoja tu, yule ambaye chakula chake kinaisha! Sikubali. Naenda kwa mlezi wa wanafunzi.

Jumanne, 5 Machi
Nimelia mbele ya mlezi. Mtoto naye akalia. Tulipendeza. Mlezi kasema chuo hakivumilii lugha ya kuudhi. Kamati ikakaa, jioni tangazo ukutani: marufuku neno lolote baya kuhusu chakula, mpishi au sufuria. Nimeshinda!

Jumatano, 6 Machi
Kimya kama hospitali. Nikamwuliza binti mmoja kama chumvi imekolea. Katazama huku na huku, kasema hajibu bila wakili.

Alhamisi, 7 Machi
Mgomo! Wamekuja wote wamejibandika utepe midomoni, wakakaa mezani wakitukodolea macho. Mdomo uliobandikwa haumezi maharage. Sufuria yangu imerudi imejaa. Ya Shangazi pia, hilo limenifariji kidogo.

Nikamvizia Domo nyuma ya maktaba. Nikambembeleza: mdogo wangu, nitukane tena, nimeshakusamehe. Kasema, dada, kusema ni haki yangu, si huduma ya kuagizwa. Halafu kwa upole kaongeza kwamba hana ubaya nami, alitaka tu nipunguze moto. Maskini, upishi ataujulia wapi?

Ijumaa, 8 Machi
Mlezi kabandua tangazo. Domo kapanda meza. Nami nimejifunga kitambaa kipya, niko tayari. Kautukana wali wa Shangazi! Eti umeshikana kuliko kamati. Shangazi hakulia, hakwenda kwa mtu. Kamjibu palepale kwamba wali hauna neno, ni meno yake yamechoka kwa maneno. Makofi! Watu wakakimbilia kuuonja wajue nani mkweli. Foleni hadi mlangoni, sufuria ikakwanguliwa.

Na mimi je? Sikutukanwa hata kidogo! Huu ni ubaguzi. Kesho narudi kwa mlezi, kamati ikae upya, matusi yagawiwe sawa, dirisha kwa dirisha. Mwanangu, tulia, mama yako atabaki hapa na utakula hadi ushibe. Shangazi ananiita kwa kelele, eti niache kuandika nikatazame sufuria yangu, moshi umeshafika hadi