Hotuba ya Betri Zilizoanikwa na Dagaa

Mwanangu Mtoro,

Asalaam aleikum. Jana Bwana Muhidini, yule mkubwa wa picha za chini ya bahari aliyekupeleka Saadani kuzamia, alituhutubia hapa Mlingotini. Nakuandikia hotuba yake yote, na pale aliposahau kusema kweli nimemsaidia.

"Ndugu Bibi yake Mtoro, Mwenyekiti wa Mkeka wa Barazani, ambaye hajambo ila goti, Ndugu Baba yake, Mzee Kombo, Katibu Mwenezi wa Kukohoa, ambaye sasa anapata usingizi, Ndugu Mardhiya dada yake, Mkurugenzi wa Jiko na Moshi, pamoja na pacha wake walioota meno, Ndugu Mama yake, asiye na cheo, wote wanaomsalimu Mtoro sana, Ndugu Wananchi!

"Mradi wetu wa kuwapiga picha samaki huko huko nyumbani kwao umefanikiwa kwa asilimia tisini na nane, na hizo mbili zilizobaki ni betri za taa ya mzamiaji tu. (Makofi. Bibi yako anauliza samaki wanapigwa picha za nini, wanasafiri?) Betri hizi si mawe ya tochi ya kutumia na kutupa, bali ni teknolojia ya kisasa, ikiisha nguvu unaichaji tena, na kikwazo pekee, ambacho ni cha kiufundi, ni kwamba kuchaji kunataka umeme, na umeme wa Saadani ungali katika ngazi ya mazungumzo. (Kicheko.) Lakini ofisi yangu haikulala! Katika awamu ya kwanza tulizisafirisha hadi Bagamoyo kuchajiwa, nazo kwa joto la njiani zikawa zinafika Saadani zimekwisha, zimechoka kwa safari kabla ya kazi. Katika awamu ya pili nikaagiza, kwa kalamu yangu mwenyewe, zianikwe juani juu ya chanja, pamoja na dagaa, kama ninyi mnavyoanika mawe yenu ya tochi. (Nikasimama: 'Bwana Muhidini, sisi tunaanika kwa kukosa mapya!' Nikaambiwa nikae.) Matokeo ni ya kujivunia: dagaa walikauka asilimia mia kwa mia, betri sita zilivimba, mbili zikapasuka, na moja ikavuja maji makali yaliyomchubua mkono mzamiaji wetu shupavu. (Nikasimama tena: 'Mkono upi?' Nikaambiwa swali hilo halimo katika ajenda.)

"Wapo wasio na elimu wanaodai kwamba taa ile ikiingia maji ya chumvi inampiga mtu shoti. Ndugu zangu, tusipotoshane! Juma lililopita ilimpiga Mtoro mara moja tu, na kijana akaibuka mwenyewe bila kuvutwa, jambo linalothibitisha ubora wa mipango yangu. (Baba yako anavua kofia.) Kwa hiyo Jumamosi hii, mbele ya wageni, Mtoro atazama pima nane na taa itawaka, na isipowaka atazama tena, na tena, mpaka iwake. Zidumu betri! (Zidumu, sauti mbili, zote za karani wake.) Zidumu awamu!

"Mwisho, nawashukuru wakubwa wa Dar es Salaam kwa barua yao fupi, iliyolala mezani kwangu tangu mwezi wa Rajabu, wakinifahamisha kwamba mradi huu hawakuukubali, hauna faili, hauna fungu la fedha, wala kamera haitaagizwa kamwe. Na wewe, Mtoro, nakushukuru kwa kuwamulikia samaki miezi mitano wasipigwe picha na mtu. Asanteni sana."

Hapo kwenye shukrani ndipo nilipomsaidia, mwanangu. Yeye aliwashukuru waliohudhuria tu akaondoka. Lakini barua ipo, Zaina anayefagia ofisi yake ameisoma kwa macho yake, akaja kunihadithia analia. Hiyo kamera wanayokuambia inakuja, haiji. Hata hiyo taa ikiwaka kama jua, hakuna wa kupiga picha.

Usiingie majini Jumamosi. Wakikuita mwoga, waambie, 'Mama yangu ndiye mwoga, kanikataza.' Aliyebeba barua hii ni Mikidadi, kaahidi kulala huko usiku mmoja na kurudi. Usimwache arudi mikono mitupu. Kama huna karatasi, mpe neno la mdomo, mimi nitakuwa pale bandarini nikimngoja aniletee: 'Sizami.'

Mama yako.