Kipande cha Namelok

Jumatatu, 6 Juni 1994
Kilosa nzima hakuna kichwa kama changu. Morogoro sijapima, lakini na huko wajiangalie. Kidato cha pili nimekionja tu, nikaona kinanipunguzia kasi, na leo hii Bi Gaudiosa, mtaalamu wa maabara ya tishu, kaniachia maabara yote! Peke yangu! Yeye na Dakta Mathayo wamekwenda Mikumi kwenye tawi la kliniki yetu ya ngozi, hadi Alhamisi.

Kazi yenyewe: Dakta anamkata mgonjwa kipande cha ngozi, kama punje ya haragwe. Sisi tunakilaza kwenye formalini, dawa ya kuzuia kisioze, kisha spiriti, kisha nta ya moto mpaka kishibe. Nta ikiganda, Bi Gaudiosa anaichana nyembamba kuliko ganda la kitunguu, anatia rangi, Dakta anachungulia kwa darubini. Kuchungulia nani hawezi? Kazi ni nta. Na mtu wa nta ni mimi.

Filipo wa mapokezi, viatu vinang'aa kuliko akili, kaniuliza nimeachiwa maabara au ufagio. Wivu mtupu.

Kipande kilichobaki ni kimoja, cha Namelok, mke wa mfugaji wa Rudewa. Ana doa mkononi na mtoto anayenyonya. Mama mkwe wake, Namayiana, alishasema hapa hapa kwenye benchi: likiwa ni lile gonjwa la kula vidole, mtoto anamchukua yeye siku hiyo hiyo.

Jumanne, 7 Juni
Maskini mimi.

Mgao wa umeme, kwa hiyo jiko la mkaa. Sheria ya Bi Gaudiosa ni kopo la nta likae ndani ya sufuria ya maji. Maji hayo yanachelewesha mno! Filipo akapita na habari kwamba stendi wanafungua belo la mitumba, wa kwanza ndiye mwenye jinzi. Nikafikiri haraka, kama kawaida yangu. Nikatoa sufuria, nikaweka kopo moja kwa moja kwenye mkaa.

Jinzi nimepata. Ya kike, lakini ukitembea kwa kujiamini haionekani.

Kurudi, moshi. Nta inachemka kama mafuta ya maandazi, na kipande cha Namelok kimekuwa mshikaki. Harufu ndiyo hiyo hiyo! Filipo kapaza sauti toka mapokezi: "We Abuu, unachoma nini huko, na sisi tumo?"

Bi Gaudiosa akijua, kazi hakuna, na baba atanirudisha jembeni Zombo. Nikawaza ngozi ya mbuzi kwa muuza nyama. Hapana, atamjua mbuzi hata akiwa punje. Ngozi ya mtu lazima iwe ya mtu.

Basi mtu si mimi?

Nina doa pajani, jeupejeupe kama chapati isiyoiva, vinyweleo havioti. Urembo hapo hakuna wa kuharibu. Nikafumba macho, nikauma kitambaa, nikakata kwa wembe mpya.

Haikuuma! Hata kidogo! Damu ilitoka, nikaitazama kama ya jirani. Mimi chuma jamani. Kipande nimekitumbukiza kwenye formalini, kitalala humo hadi kesho, kisha spiriti na nta, safari hii kopo ndani ya sufuria ya maji. Usiku huu nitalala vizuri kiasi.

Alhamisi, 9 Juni
Bi Gaudiosa karudi. Nikampa shikamoo mbili. Kaitikia moja, kanitazama, kauliza mbona nachechemea. Nikasema mpira.

Kachana kile kipande, moyo wangu unagonga meza. Kasema tishu imetulia vizuri, nta imeingia sawasawa, naanza kuelewa kazi. Mwenzenu nikatabasamu mpaka taya zikauma.

Jumatatu, 13 Juni
Dakta kachungulia. Kachungulia tena. Kamwita Bi Gaudiosa naye achungulie. Nilikuwa naosha chupa, nikasikia kila neno. Mshipa wa fahamu ndani ya ngozi umeshambuliwa. Ukoma, umeanza tu.

Kwanza nikamhurumia Namelok. Ndiyo, nilimhurumia kabisa, nikatikisa na kichwa. Chupa ya tatu ndipo nikakumbuka ile ngozi ni ya nani.

Chupa imevunjika. Wamenikata mshahara.

Namelok na mama mkwe wake walipoitwa, Dakta aliwaeleza vizuri: vidonge vipo, bure, akianza tu hamwambukizi mtu, anyonyeshe kama kawaida. Namayiana akasikiliza kwa adabu hadi mwisho. Akasema asante baba. Kisha akamtoa mtoto kifuani kwa mama yake, palepale, mtoto na mdomo wazi. Namelok hakulia. Mtoto ndiye alilia, mpaka wakapotea kona ya soko.

Jumanne, 14 Juni
Nimejichoma sindano. Paja la kushoto, nimeruka. Paja la kulia, penye doa, kimya. Nimechoma tena. Kimya kama ukuta.

Ujanja wa kwanza: nimeze vidonge kimyakimya. Kabati limefungwa, ufunguo uko shingoni kwa Bi Gaudiosa. Ujanja wa pili: nijisahau. Nimejaribu tangu asubuhi. Filipo anauliza kwa nini nahesabu vidole vyangu. Nimemwambia nafanya hesabu. Kasema basi leo hesabu ni ndefu.

Nikisema, nitafukuzwa. Nisiposema, yule mtoto yuko wapi sasa hivi? Na mimi niko wapi?

Alhamisi, 16 Juni
Nimeazima baiskeli hadi Rudewa, kwenye mkonge uliokufa, maboma yao yako nyuma yake. Mpango mzuri sana: kumwambia Namayiana, bibi wa mtoto, kwamba darubini ilikuwa mbovu. Hakuna mwenye kosa, mtoto anarudi, mimi naondoka.

Namelok kajengewa kibanda cha peke yake. Kifua kafunga kitambaa kwa nguvu. Mtoto yuko kwa bibi, ananyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa kibuyu.

Nikatoa shikamoo, bibi akaitikia marahaba. Nikamweleza habari ya darubini. Akaniuliza: darubini ikikosea, huyo aliyeambiwa anaumwa ni nani basi? Maana ugonjwa umeonekana. Ulikuwa wa nani?

Nikainua baiskeli. Akasema kesho atakuja kumwuliza Dakta mwenyewe.

Nimeendesha baiskeli kama nakimbizwa. Mnyororo umetoka mara kadhaa. Sikujali.

Ijumaa, 17 Juni
Bibi hajafika bado, nikaona bora nifike mimi kwanza. Nimesema yote. Nta, mkaa, belo, wembe. Hata jinzi.

Bi Gaudiosa hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Kaniambia nifumbe macho, atanigusa pajani kwa pamba, nikisikia niseme. Nikangoja. Nikangoja sana. Nikamwuliza ataanza lini.

Kasema keshamaliza.

Hapo nililia, na Filipo alikuwa mlangoni, na hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Bibi na Namelok walipofika, Dakta aliwaomba radhi, akakata kipande kingine. Mimi sigusi tena jiko. Kufukuzwa, Bi Gaudiosa kakataa: kasema huyu akifukuzwa leo ataficha ugonjwa huko Zombo mpaka vidole viishe. Kidonge cha kwanza nimemeza mbele yake. Mkojo umetoka mwekundu. Kidogo nizimie, kumbe ndiyo dawa.

Jumatano, 29 Juni
Majibu ya Namelok: ukurutu wa kawaida. Mafuta ya kupaka, basi. Mtoto karudishwa kwake juzi.

Mimi sasa naitwa Dokta Mkaa. Filipo ndiye aliyenibatiza, nimempania. Paja linapona. Dakta anasema nimewahi, vidole vyote nitazeeka navyo.

Leo nimetengeneza mambo kiume. Fundi samani anahitaji spiriti ya kuchanganyia vanishi, dukani imepanda bei. Nimempelekea chupa mbili za maabara, kanipa makopo mawili ya maziwa ya unga, yale ya kutoka nje yenye picha ya mtoto mnene. Chupa nimezijaza maji ya bomba, nikafunga vizuri. Rangi ni moja, nani atajua? Makopo nimemtumia Namelok kwa dereva wa lori la mahindi.

Dereva kaleta jibu. Namelok anashukuru. Anamweka mtoto kifuani asubuhi na jioni, lakini mtoto anageuza uso. Maziwa yalikauka zile siku ambazo mimi nilikuwa natafuta ujanja.

Hilo sijalitengeneza.