Taarifa Zote Zipite Chini ya Meza ya Mratibu

Ndiyo, wewe. Ulikuwepo faksi ilipovalishwa kitambaa cha kudarizi ikageuzwa meza ya chai, ukatazama pembeni. Kompyuta zilipokaa miaka miwili kwenye nailoni zake, ukatazama dari. Safari hii tazama huku.

Wakala wa Pembejeo wa Kusini, makao makuu Songea, uliutangazia umma kwa matarumbeta kwamba ofisi zake tatu, Songea, Namasakata na Nakapanya, sasa ni mtandao mmoja. Mkulima akiandikishwa Namasakata, Nakapanya kwenye ghala la mbolea wataliona jina lake papo hapo. Mratibu Mkuu, Bwana Kajetani, alikata utepe, kisha akataka kujua taarifa zinapita wapi.

Stumai, afisa TEHAMA, akamchorea pembetatu. "Kila ofisi ina ruta yake, bosi, kifaa cha kuzielekeza taarifa. Ruta zinaulizana zenyewe njia ipi nzima na fupi. Namasakata ikiitaka Nakapanya, inakwenda moja kwa moja. Njia hiyo ikikatika, inazungukia kwetu."

Bwana Kajetani akaweka kidole kwenye mstari wa Namasakata na Nakapanya. "Ofisi ya chini inaongea na ofisi ya chini, bila kupitia kwangu?"

"Ni mashine, bosi."

"Hata watumishi walianza hivyo hivyo."

Katika miaka ishirini na sita ya utumishi hakuwahi kuona barua ya maana isiyo na maneno "kupitia kwa" chini ya anwani. Mwalimu akiomba likizo ya uzazi, kupitia kwa mkuu wa shule, hata kama mtoto keshaanza kutambaa. Iweje jina la mkulima lipite vichochoroni kama mbuzi wa wizi? Akaandika dokezo sabili: taarifa zote zipite kwenye ruta ya Songea, ruta hiyo ikae ofisini kwake, chini ya meza, na ruta za chini zikome mara moja kuulizana njia. Stumai, kwa kosa la kuzifundisha umbeya, akahamishiwa Nakapanya.

Mambo yakanyooka. Jina la mtu lilitoka Namasakata mpaka Songea, likapita miguuni pa Bwana Kajetani, likageuza kwenda Nakapanya. Alipenda kuinama kutazama vitaa vya kijani vikipepesa. Alijiona anafanya kazi.

Mvua zilipochanganya, akaitwa kikao kazi Dodoma kuwaeleza wenzake siri ya mafanikio. Hakumwachia mtu kukaimu; kukaimisha ni kumwonjesha mwenzako kiti. Akazima umeme wa ofisi ukutani, kama mzalendo anayebana matumizi, akafunga mlango, ufunguo mfukoni.

Siku ya tatu, mbele ya wakubwa, alimpigia Stumai simu ya video, picha ikarushwa ukutani. Likaonekana dirisha la ghala la Nakapanya, na Mzee Daimu, mkulima, suruali imekunjwa magotini.

"Stumai! Mhudumie mzee huyo, waheshimiwa waone kasi yetu."

"Shikamoo, bosi. Jina lake halijafika. Aliandikishwa Namasakata juzi."

Mzee Daimu akaujaza uso wake kwenye simu. "Wewe ndiye Kajetani? Hata shikamoo huna?"

"Shikamoo, mzee. Vuta subira."

"Nivute mpaka wapi? Siku mbili nalala kwa shemeji. Mahindi yameshaanza unjano. Wiki hii yasipoonja mbolea, mwaka huu wajukuu nawapikia mabua."

"Stumai, jina limekwama wapi?"

"Chini ya meza yako, bosi. Ulizima umeme."

"Si wafungue, wawashe!"

"Ufunguo uko wapi?"

Bwana Kajetani akajipapasa. Kipaza sauti kikaupelekea ukumbi mzima mlio wa ufunguo.

"Tumia njia yoyote inayopitika!" akafoka.

"Naomba kwa maandishi, bosi. Dokezo lako halijafutwa."

Akaandika nyuma ya ratiba ya kikao, akatia saini, akapiga picha, akatuma. Stumai akairuhusu ruta yake iulize njia, akampigia kwa simu nyingine Azizi wa ofisi ya Namasakata naye airuhusu ya kwake. Kabla Mzee Daimu hajamaliza kutukana, jina lake likatokea. Mifuko miwili ikafungwa kwenye baiskeli.

"Sasa, mwanangu," Mzee Daimu akamwambia Stumai, simu ikiwa hewani bado, "mwambie huyo bwana asiharakishe kurudi."

Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti, Bi Notburga, ambaye tangu asubuhi alikuwa akila karanga, akauliza kwa upole: "Kwa hiyo, Bwana Kajetani, ofisi yako ikifungwa, mkulima anapata mbolea haraka zaidi?"

Bwana Kajetani, ambaye maisha yake yote amewajibu wakubwa neno moja tu, akajibu: "Ndiyo, mheshimiwa."

Waraka ulitoka wiki hiyo hiyo. Ofisi ya Mratibu Mkuu ifungwe moja kwa moja kwa manufaa ya umma, kama alivyothibitisha mwenyewe. Aliandika rufaa kurasa sita. Masijala wakamrudishia: haikupitia kwa mkuu wa ofisi.

Haya, umecheka. Sasa simama. Kuna fomu ya mama yako, au ya jirani yako, imelala chini ya meza ya mtu wakati unasoma hapa. Nenda leo, si Jumatatu. Uliza kwa sauti, foleni nzima isikie: inapitia kwa nani, na yeye anaifanyia nini? Wakikwambia bosi katoka, usirudi nyumbani. Kaa hapo hapo mlangoni, na uwaite wengine waje wakae.