Malalamiko Dhidi ya Bi. Cornelia, Mtunza Ghala, kwa Kuitengeneza Seva Bila Cheti

Mazwi, Sumbawanga
Ijumaa, 15 Novemba

Mzee Felisiani, Mwenyekiti wa Bodi ya Ushirika wetu wa Wakulima,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepungua, na mvua za kwanza zimekukuta shamba limeshalimwa. Naandika mimi Adriano, fundi wenu wa kompyuta mwenye cheti, kwa masikitiko makubwa. Jumatano wiki hii Bi. Cornelia aliitengeneza seva ya ushirika. Narudia: aliitengeneza. Ikapona. Cheti hana.

Bodi isinielewe vibaya. Naeleza tangu mwanzo. Seva yetu ni mashine moja. Ndani yake programu ya mbolea na programu ya ghala zilikuwa zinaishi kama wake wenza kwenye jiko moja: ukiihudumia hii, ile inanuna. Nikazitenga. Kila moja nikaipa kontena lake, yaani chumba chake ndani ya mashine ileile, chenye vyombo vyake. Likabaki kujengwa daraja la mtandao, ambalo kompyuta za ofisi zitapitia kuvifikia vyumba hivyo. Kazi hiyo niliifanya nikiwa Kasesya, kwenye posa ya mdogo wangu, laptop ikiwa mapajani, wakati mshenga anamalizia soda yake. Fundi wa kweli hana haja ya kuwepo.

Nikahariri faili la mtandao, nikaamuru mtandao uwake upya. Skrini ikaganda. Seva imenyamaza, mimi niko zaidi ya kilomita mia, na njia pekee ya kuifikia ndiyo niliyotoka kuifunga. Ofisini ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha mbolea ya ruzuku, na lori lilikuwa limeshashusha wakulima kutoka Ilemba. Ambaye hangeandikwa, mahindi yake yangekuwa ya njano msimu mzima. Nikampigia Bi. Cornelia, kwa kuwa funguo za chumba cha seva alikuwa nazo yeye. Makosa yake yanaanzia hapo.

1. Alipokea simu papo hapo. Mtumishi anayeheshimu ofisi hupokea mwito wa tatu.

2. Aliuliza maswali. Nilimwambia achomeke kibodi na skrini, afungue faili, anisomee. Akasoma polepole kama anayehesabu magunia, kisha akasema: “Kaka Adriano, kadi ya mtandao umeshaiunganisha kwenye daraja, lakini anwani ya seva umeiacha kwenye kadi. Sasa anayekuja atagonga mlango upi?” Nikamjibu kuwa anwani ni jambo la kitaalamu. Akasema: “Haya. Ila sisi ghalani tukihamisha mzigo, na kibao chake tunakihamisha.” Mzee wangu, taaluma niliyoisomea miaka miwili inafananishwa na magunia ya ulezi! Nikamwambia aendelee. Si kwamba nilikubali. Simu ilikuwa na chaji asilimia nane.

3. Kabla ya kugusa hata herufi moja, alitaka kujua nakala ya faili la zamani iko wapi. Hilo ni swali la uchochezi. Nakala haikuwepo. Akatengeneza yake, akaipa jina “ya-zamani-usifute”, jina lisilo na hadhi yoyote.

4. Akaihamishia anwani kwenye daraja, bila kibali cha maandishi, akawasha mtandao upya. Makontena yote mawili yakaitika. Watu mia mbili na kumi na wanne wakaandikishwa kabla ya jua kuzama, akiwemo mama mmoja, Rahel, aliyekuwa ameshaanza kulia pale kwenye ngazi na mtoto mgongoni. Kilio kile kingeweza kabisa kutulizwa na mwenye cheti, siku ya pili yake.

5. Mzee Sayi, yule mwenye ng'ombe wengi wa Ilemba, alimshika Bi. Cornelia kwa mikono miwili mbele ya watu wote akamwambia, “Ahsante sana, fundi.” Fundi! Mimi niliporudi Alhamisi, mzee huyohuyo aliniuliza lori linaondoka saa ngapi.

Kwa hayo, naiombea haki taaluma. Bodi imwandikie Bi. Cornelia onyo kwa kumaliza tatizo nje ya utaratibu. Imkataze kuisogelea seva kwa hatua ishirini. Na ili kumbukumbu ziwe safi, majina yote mia mbili na kumi na manne yafutwe, wakulima waitwe tena, waandikishwe upya na mtaalamu. Najua siku ya mwisho imepita. Utaratibu ni utaratibu.

Nisalimie mama Monika, wajukuu, na majirani wote wa hapo kwako, hata wale walioandikishwa kimakosa.

Ni mimi, ninayeutumikia ushirika hata nikiwa ugenini,
Adriano, Fundi Kompyuta (mwenye cheti)

N.B. Mzee, nimekaa na bahasha hii tangu Ijumaa, leo Jumatatu. Kosa la anwani lilikuwa langu, na si mara ya kwanza kulifanya; ni mara ya kwanza mtu kuliona. Humu ndani utakuta na fomu ya maombi ya chuo cha kompyuta kule Mbeya, masomo ya mwaka mmoja. Nimemjazia Bi. Cornelia kila sehemu, imebaki sahihi yako tu. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Kwenye kikao cha Bodi, nakuomba, soma fomu. Barua iache kwenye bahasha.